Mtaro au Pipa? Kisa cha Slaidi za Picha Katika Semina ya Dengi, Mombasa

Kisa hiki ni cha semina ya afya iliyofanyika kwa awamu kadhaa katika ukumbi wa jamii upande wa Kisauni, Mombasa. Waliohudhuria walikuwa wahudumu wa afya ya jamii, wale wapitao nyumba hadi nyumba na mikoba yao mgongoni. Wengi wao kina mama wa makamo, na vijana wachache. Mfundishaji alikuwa afisa wa afya ya umma, mtu anayeijua kazi yake barabara. Mada ilikuwa homa ya dengi na chikungunya: mbu anayezieneza, anapozaliana, na namna ya kumwangalia mgonjwa. Mimi niliombwa kusaidia upande wa slaidi, nikakaa nyuma ya ukumbi kutazama watu wanavyozipokea.

Nakieleza kwa urefu kwa sababu ushauri wa kuondoa maandishi na kuweka picha umeenea mno siku hizi. Kila anayefundisha amewahi kuusikia. Hapa ulifuatwa kwa moyo wote. Nilichokiona kilinifanya niamini kwamba ushauri huo umeachwa nusu. Unatuambia tuweke picha, lakini hautuambii kwamba picha nayo inasema jambo, na kwamba yaweza kusema lisilo kweli huku mfundishaji mwenyewe akisema kweli tupu.

Mada yenyewe si ya mchezo. Mwaka 2013 dengi ililipuka Mombasa. Watafiti waliopima damu za watu wapatao 1,500 katika eneo la Tudor walikuta takriban asilimia 13 wameambukizwa karibuni. Mwishoni mwa 2017 hadi 2018 ikaja chikungunya, watu wazima wakawa hawawezi kufunga kifungo cha shati kwa maumivu ya viungo. Magonjwa yote mawili huletwa na mbu aina ya Aedes aegypti, na hakuna dawa ya hospitalini inayoviua virusi vyake. Mgonjwa huangaliwa tu mpaka mwili wake ushinde. Kwa hiyo kinga yote imo nyumbani, mikononi mwa watu ambao wahudumu hawa watakwenda kuzungumza nao. Slaidi ikipotosha, upotofu huo unabisha hodi mlango kwa mlango.

Katika semina ya mwanzo kila slaidi ilikuwa imejaa maandishi. Juu kichwa, chini yake vidokezo saba au vinane, vingi vimetolewa kwenye mwongozo na kutiwa Kiswahili kizito cha ofisini. Afisa alivisoma kimoja baada ya kingine. Waliozoea kusoma walimaliza kabla yake wakabaki kusubiri. Waliosahau miwani nyumbani waliangalia ukuta tu. Na walioamua kunakili hawakusikia alichosema, maana macho yalikuwa ukutani na mkono kwenye daftari.

Jambo hili lina maelezo yake. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa majaribio mengi kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi kwa maneno pamoja na picha kuliko kwa maneno peke yake. Ameonyesha pia kwamba picha inayoelezwa kwa mdomo hufundisha vizuri kuliko picha ile ile ikielezwa kwa mdomo na maelezo hayo hayo yakaandikwa tena kando yake. Macho yakisoma hayatazami. Sikio nalo likiletewa maneno ambayo macho yameshayapita, au bado hayajayafikia, yote mawili yanavurugana. Mayer mwenyewe ameweka mipaka: maandishi hufaa pale ambapo maneno ni mageni kwa msikilizaji, au lugha si yake ya kuzaliwa. Mpaka huo tutauhitaji mbele.

Afisa alisikia malalamiko, akafanya kama wengi wanavyofanya. Alifuta karibu kila neno, akaingia kwenye intaneti, akajaza picha. Slaidi ya mazalio ya mbu ikawa picha moja kubwa ya mtaro uliojaa maji meusi na mifuko ya plastiki. Slaidi ya mbu ikawa mbu aliyekuzwa akajaza ukuta. Slaidi ya dalili ikawa mtoto wa Kizungu kitandani, kipimajoto mdomoni, na pembeni mkono mweupe wenye vipele vyekundu. Slaidi ya dawa ikawa pakiti ya asprini iliyopigwa alama nyekundu ya mkasi (X) ya kukataza.

Ukumbi ulichangamka, na hilo lazima lisemwe. Watu waliinua vichwa, waliuliza maswali, walicheka palipochekesha, na hakuna aliyenakili chochote. Ungepima semina kwa uchangamfu wake ungesema imefaulu. Mwishoni afisa akauliza, "Haya mama zangu, mkirudi mtaani kesho mtaanzia wapi?" Jibu lilitoka pande zote za ukumbi: mtaroni. Mama mmoja wa mbele akaongeza, kwa masikitiko, "Mwanangu, mtaro sisi twausafisha kila Jumamosi, na watu wangali waugua. Labda yatakikana dawa kali zaidi ya kupuliza."

Hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Mbu wa dengi hana shughuli na mtaro mchafu. Maji machafu ya mitaroni ni makao ya mbu wa jenasi ya Culex, ambaye huuma usiku na ana ubaya wake mwingine, matende yakiwemo. Aedes aegypti hupenda maji yaliyotulia kwenye vyombo, na mara nyingi maji safi, yale yale tunayonywa na kupikia: pipa la bafuni, tangi lisilo na mfuniko, dumu lililokatwa, tairi nyuma ya nyumba, kisahani chini ya chungu cha maua, kifuu cha nazi kilichotupwa kikakusanya mvua. Na huuma mchana, hasa asubuhi na jua linapoelekea kuzama. Mombasa kila nyumba inahifadhi maji kwa sababu maji ya mfereji haijulikani yatatoka lini. Mkokoteni wa maji ukipita, mtu anajaza kila alichonacho. Mbu huyu amefugwa na ukosefu wa maji, ndani ya nyumba nadhifu kabisa.

Afisa aliyasema haya yote, nami nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema "hata maji safi", alisema "kwenye vyombo", alisema "ndani ya nyumba". Lakini muda wote aliokuwa akisema, juu ya kichwa chake palikuwa na mtaro. Maneno yalipita, mtaro ukabaki. Tena ulibaki kwa sababu ulikubaliana na imani waliyokuja nayo, kwamba ugonjwa hutoka kwenye uchafu. Kidokezo kimoja cha zile slaidi za mwanzo, kwa uchovu wake wote, kilisema kweli: "Mbu huzaliana katika vyombo vya maji." Kilichosha, lakini hakikupotosha.

Nguvu ya picha kwenye kumbukumbu si jambo la kubahatisha. Mwaka 1973 Lionel Standing alichapisha majaribio ambamo watu walionyeshwa picha hadi 10,000 kwa siku kadhaa, na baadaye waliweza kuzitambua nyingi sana kati ya hizo. Majaribio ya namna hii hutajwa kila mara na wanaotetea slaidi za picha tupu. Lakini kutambua kwamba picha hii niliiona si sawa na kujua ilikuwa inaniambia nini. Gordon Bower na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba michoro isiyoeleweka kwa urahisi ilikumbukwa vizuri zaidi na watu walioambiwa maana yake kuliko wale walioachwa waitazame tu. Neno fupi lililokaa na picha ndilo linaloipa picha mahali pa kukaa akilini. Walioona mtaro wataukumbuka mtaro miaka mingi. Swali ni kama tulitaka waukumbuke.

Kwa hiyo kazi ya kurekebisha slaidi hizi haikuanza kwenye kompyuta. Ilianza kwa kuuliza, kwa kila slaidi, ni sentensi gani moja tunataka mtu aipeleke nyumbani. Kisha ni kitu gani, kikionekana kwa macho, kinaithibitisha sentensi hiyo. Michael Alley, aliyefundisha mawasiliano ya kisayansi katika Chuo Kikuu cha Penn State huko Marekani, amekuwa akilitetea jambo hili kwa muda mrefu: juu sentensi kamili inayodai jambo, chini picha iliyo ushahidi wake, na mengine yote yasemwe kwa mdomo. Lakini mtu wa Mombasa hahitaji kwenda Marekani kulielewa. Kanga ina pindo, ina mji, yaani sehemu yake ya kati, na ndani ya mji kuna jina, yaani msemo wa mstari mmoja. Mtaa wa Biashara, katika duka lililoanzishwa na Kaderdina Hajee Essak mwaka 1887, ambaye kanga zake zinajulikana kwa "Mali ya Abdulla", mteja hutazama mchoro, kisha hukunjua nguo atafute jina kabla ya kulipa. Mchoro peke yake ungekuwa pambo. Jina peke yake lingekuwa karatasi. Slaidi nzuri ina sehemu hizo mbili, na jina lake halizidi mstari.

Slaidi ya mazalio ikapata sentensi hii: "Mbu wa dengi huzaliwa katika maji safi ya nyumbani." Picha yake ikawa pipa la buluu la plastiki, lile lile linalouzwa soko la Kongowea, limejaa maji maangavu hata unaona sakafu ya chini, na juu ya maji viluwiluwi. Picha ilipigwa kwa simu. Haikuwa ya kupendeza kama zile za intaneti, lakini wahudumu walipoiona semina iliyofuata walinyamaza kwa namna nyingine, kwa kuwa pipa lile kila mmoja wao analo.

Hapa kuna jambo la adabu ambalo miongozo ya slaidi hailigusi, nalo kwetu ni zito. Wazo la kwanza lilikuwa kupita mtaani na kupiga picha mapipa ya watu. Ukifanya hivyo mtaa unatambulika. Kitambaa cha mlangoni, rangi ya ukuta, sufuria iliyoangikwa, na mtu ukumbini atanong'ona, "Hapo si kwa mama fulani?" Kuanzia siku hiyo yule mama ndiye aliyeleta dengi mtaani. Uani na bafuni ni mahali pa sitara, haifai kupaonyesha ukutani hata kwa nia njema. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata kabla ya sheria, heshima ilikuwa inatosha. Afisa akapiga picha nyumbani kwake mwenyewe, kwa karibu, chombo tu bila ukuta wala mlango. Kila chombo kilichoonyeshwa kilikuwa chake, na alilisema hilo mbele ya watu, jambo ambalo liliondoa lawama chumbani.

Picha ya pipa ilizaa nyingine yenye faida kubwa kuliko zote. Mbu huyu hatagi majini. Hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, na mayai yake yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yakipanda. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi. Lazima ukuta wa pipa usuguliwe, na kila wiki, kwa sababu kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban siku 8 hadi 10. Kwa maandishi, habari hii ni vidokezo vitatu ambavyo watu huvipita. Kwa picha mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, ilieleweka kabla afisa hajamaliza kueleza: kushoto ukuta wa ndani wa pipa umepigwa kwa karibu, vijidoa vyeusi vimejipanga juu ya maji, kulia mkono umeshika brashi unasugua pale pale. Sentensi ya juu: "Kumwaga hakutoshi, sugua ukuta wa pipa kila wiki." Katika slaidi zote, hii ndiyo niliyoona picha ikifanya kazi ambayo maneno hayangeiweza, kwa kuwa mtu asiyewahi kuyaona yale mayai huyadhania ni uchafu wa kawaida.

Wahudumu wenyewe wakaongeza yao. Mzee mmoja alikumbusha kwamba katika nyumba za kale za mwambao birika la chooni lilikuwa likitiwa vijisamaki vya kula viluwiluwi. Hilo halikuwa kwenye slaidi yoyote. Lilikuja kwa sababu picha ya maji iliwafanya watu wafikirie maji yao. Vidokezo vya maandishi huwaacha watu wakinakili; picha inayowahusu huwafanya wachangie.

Yule mbu mkubwa wa ukutani aliondolewa. Mahali pake pakawekwa mbu wa ukubwa wa wastani, miguu yake yenye miviringo myeupe ikionekana vizuri, na kando yake sarafu ya shilingi ili jicho lipate kipimo.

Sasa dawa. Mgonjwa wa dengi hapewi asprini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutoka damu. Parasetamoli ndiyo ya kushusha homa, kwa kipimo chake. Wengi wetu mwili ukiuma tunakimbilia duka la dawa kununua hizo hizo zinazokatazwa, kwa hiyo slaidi hii ni ya uhai na kifo. Ile pakiti yenye mkasi mwekundu ilishindwa vibaya. Picha haina "si". Mtu huona pakiti kwanza, na alama ya kukataza huja nyuma kama itakuja. Siku ile jua lilikuwa linaingia madirishani, projekta imefifia, na waliokaa nyuma hawakuiona alama kabisa. Nakala za karatasi zilipotolewa kwa mashine ya rangi nyeusi, wekundu uligeuka kijivu na ukapotea juu ya kijivu cha pakiti. Wahudumu walikuwa wamebeba karatasi inayoonyesha, kwa jicho lolote la haki, dawa ya kumpa mgonjwa.

Slaidi mpya ina maandishi makubwa meusi juu ya weupe: "Homa ya dengi: parasetamoli tu", na chini yake majina ya zile tatu zikitanguliwa na neno USIMPE. Haina picha yoyote. Hapa ndipo mpaka wa Mayer unapoingia: majina ya dawa ni mageni, yanafanana, na mtu anahitaji kuyaona yalivyoandikwa ili ayatambue kwenye boksi dukani. Kuyasema kwa mdomo hakutoshi, na kuyachora hakuwezekani.

Slaidi ya hatari nayo ilikuwa ngumu. Katika dengi, wakati wa kuogopa zaidi ni pale homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7, wakati ambapo jamaa wanashukuru Mungu na kurudi kazini. Utapiga picha gani ya jambo hilo? Mgonjwa aliyepata nafuu na mgonjwa anayeelekea kubaya wanaweza kufanana kabisa kitandani. Tulichora mstari mmoja tu: unapanda, unakaa juu, unashuka, chini yake namba za siku, na pale unaposhuka eneo limepakwa rangi na kuandikwa "Hapa usiondoke kwa mgonjwa". Afisa alisimama hapo kwa muda mrefu akieleza dalili za kumkimbiza mtu hospitali: maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu puani au kwenye fizi, kulegea sana au kutotulia. Kijana mmoja alisema marehemu shangazi yake alikuwa ameshaanza kula vizuri. Ukumbi wote ukaelewa mstari ule. Ule nao ni picha, ingawa hakuna kamera inayoweza kuupiga, na nasikitika kwamba watu wakisikia "tumia picha" hufikiria fotografia peke yake.

Tatizo jingine lilijitokeza baada ya semina. Wahudumu walizipiga slaidi kwa simu, na jioni zilikuwa zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Slaidi iliyokuwa ikielezwa kwa mdomo sasa ilikuwa peke yake, kwa watu ambao hawakuwepo. Zile zenye sentensi juu zilifika salama, na nyingine za awali, ambazo mtu fulani alikuwa bado nazo, zilirudi zikiwa na maelezo mapya waliyojiandikia watumaji. Mtaro ukazuka tena. Ndipo tukaandaa karatasi moja ya kusoma, iliyojaa maandishi kama zile slaidi za kwanza ila kwa lugha ya watu, igawiwe mwishoni. Maneno mengi yana mahali pake, na mahali hapo ni mkononi mwa msomaji aliyekaa na muda wake.

Ile picha ya upele ilizua mjadala mrefu kuliko zote. Picha karibu zote tulizozipata za upele wa dengi ni za ngozi nyeupe, wekundu ukiwaka. Kwenye ngozi zetu wekundu huo hauonekani hivyo. Mara nyingi ni mabadiliko hafifu, pengine huonekana tu ukimweka mgonjwa penye mwanga wa jua, na pengine hauonekani kabisa. Mhudumu aliyefundishwa kwa ule mkono mweupe atamtazama mtoto wa Kisauni, asione wekundu, aseme si dengi. Afisa alitaka tutafute picha ya mgonjwa wa hapa hapa. Mimi nilipinga. Tungelazimika kumpiga picha mtu akiwa mgonjwa, labda mtoto, na hata kwa idhini ya mzazi, mkono mmoja ungekuwa kipimo kipya cha wote. Slaidi hiyo ikabaki na sentensi tu: "Usisubiri upele. Homa ya ghafla na maumivu ya mwili yatosha kumpeleka kituoni." Bado afisa anaitafuta picha inayofaa, na akiipata ya halali, yenye ngozi za rangi zetu mbalimbali, nitaiunga mkono.